Puto la mguuni na kura ya mgonjwa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mguu. Sina maana ya mguu wa mchezaji mpira, ambao kila siku unaandikwa magazetini. Nina maana ya mguu wa mjomba wangu, marehemu, aliyekuwa fundi cherehani pale Ngamiani, Tanga.

Cherehani ya mjomba ilikuwa ya kukanyaga. Kwa fundi wa namna ile mguu si kitu cha kutembelea tu, ni sehemu ya mtambo. Mkono unaongoza kitambaa na mguu unazungusha gurudumu. Kuanzia mwaka 2004 hivi mjomba alianza kulalamika kwamba akitembea kidogo, shavu la mguu wa kulia linamkaza kama limefungwa kamba. Akisimama, maumivu yanaondoka. Akiendelea, yanarudi. Toka nyumbani kwake mpaka barazani alikofanyia kazi hapakuwa mbali, lakini alikuwa akisimama mara tatu njiani, na kila aliposimama alijifanya anamsalimu mtu. Sisi vijana tukamsifu kwa uungwana wake. Kumbe mzee alikuwa anangoja damu ifike mguuni.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba Wajerumani wana jina la kienyeji la maradhi hayo. Wanayaita ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa sababu mgonjwa husimama kila baada ya hatua kadhaa akijifanya anatazama bidhaa dirishani. Watu ni wale wale, ndugu zangu. Mzungu anaficha maumivu yake kwenye dirisha la duka, mjomba wangu aliyaficha kwenye salamu.

Mjomba aliambiwa ni baridi yabisi, akapewa mafuta ya kuchua. Alikuwa na kisukari, na alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, lakini hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili na mguu wake. Mwaka 2006 kidole gumba kikawa cheusi, na donda ndugu likaanza kupanda. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, ikaamuliwa mguu ukatwe juu ya goti. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikaa naye. Wakati huo nilikuwa mwandishi mchanga, stashahada yangu ya uandishi wa habari bado ina harufu ya wino. Akaniambia: "Mjomba," maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "wewe uko redioni, unasoma habari za dunia nzima. Mafundi wa bomba wanazibua mabomba kila siku. Hivi hakuna mtu aliyewaza kuzibua mshipa?"

Sikuwa na jibu. Nikasema labda huko mbele. Kumbe jibu lilikuwapo kwa zaidi ya miaka 40, na hadithi ya jinsi lilivyopatikana, jinsi lilivyojaribiwa, na jinsi linavyoendelea kujaribiwa hadi leo, ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, ambayo madaktari huiita ateri, hupungua upana kwa kuganda mafuta na chokaa kwenye kuta zake. Sigara, kisukari, shinikizo la damu na umri ndivyo vichocheo vikubwa. Ikiziba ya moyo, mtu hupatwa na shambulio la moyo. Ikiziba ya mguu, mtu huumwa shavu la mguu akitembea, kisha huumwa hata akiwa amelala, kisha hupata kidonda kisichopona, na mwisho huwa kisu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2013 ilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 200 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa mishipa ya miguu. Kwa hiyo mjomba hakuwa peke yake, ingawa alijiona hivyo.

Sasa twende Marekani, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Hapo palikuwa na daktari wa picha za eksirei aitwaye Charles Dotter, aliyekuwa mkuu wa idara yake tangu mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 32 tu. Kazi ya madaktari wa eksirei siku hizo ilikuwa kupiga picha na kuwapelekea wapasuaji. Walipitisha mrija mwembamba mshipani, wakatia dawa inayoonekana katika picha, wakaonyesha mahali palipoziba. Kuzibua haikuwa kazi yao. Mwaka 1963 Dotter aliueleza mkutano wa wataalamu mjini Prague kwamba aliwahi kupitisha mrija wake, bila kukusudia, ndani ya mshipa ulioziba, na mshipa ukafunguka. Akawaambia wenzake kwamba mrija huo unaweza kuwa chombo cha tiba na si cha picha peke yake.

Tarehe 16 Januari 1964 akapata nafasi ya kulithibitisha neno lake. Aliletewa bibi mmoja wa miaka 82 ambaye vidole vya mguu wake vilikuwa vimeanza kuoza. Wapasuaji walitaka kuukata mguu. Bibi akakataa katakata. Dotter akapitisha waya kwenye mshipa wa paja, juu ya waya akapitisha mrija, na juu ya mrija ule mrija mwingine mnene zaidi, akasukuma mafuta yale ukutani kama mtu anayepanua tundu la sindano kwa msumari. Kazi ilikwisha kwa muda mfupi. Mguu ukapata joto, maumivu yakatulia, na bibi yule akaishi miaka zaidi ya miwili akitembea kwa miguu yake yote miwili, hadi alipofariki kwa maradhi mengine.

Naomba msomaji usimame hapa kidogo, kama mjomba alivyosimama njiani. Mtambo ule ulijaribiwa juu ya nani? Juu ya mtu mmoja, mzee, ambaye chaguo lake lingine lilikuwa msumeno. Nani alitoa kibali? Wakati ule nchini Marekani hapakuwa na sheria iliyodai kifaa cha tiba kithibitishwe na serikali kabla ya kutumika. Vidonge vilikuwa na sheria. Mirija haikuwa nayo. Hata tamko maarufu la Helsinki, ambamo Chama cha Madaktari Duniani kiliweka misingi ya kufanya utafiti juu ya binadamu, lilipitishwa mwezi Juni mwaka ule ule wa 1964, miezi mitano baada ya bibi yule kutoka kwenye meza ya Dotter.

Je, Dotter alikosa? Mimi nimelipima swali hili mara nyingi, na kila mara mzani unainama kwa sababu ya bibi mwenyewe. Yeye ndiye aliyekataa kukatwa, na yeye ndiye aliyekubali kujaribiwa. Lakini mzani huo huo unanionya. Mgonjwa mmoja aliyepona ni habari njema. Si ushahidi kwamba watakaomfuata 1,000 watapona. Wapasuaji wa Marekani walimdharau Dotter, wengine wakamwita mwendawazimu. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, alipompelekea mgonjwa apigwe picha, aliandika kwenye fomu kwamba atazame tu, asiguse. Walimpinga kwa wivu, lakini pia walimpinga kwa sababu hakuwa na hesabu ya kuwaonyesha, na hoja hiyo ya pili ilikuwa na uzito.

Ulaya ndiko wazo lake lilikopata malazi. Daktari Eberhard Zeitler wa Ujerumani akalifundisha, na katika waliojifunza alikuwamo kijana aitwaye Andreas Grüntzig, mzaliwa wa Dresden, aliyehamia Zürich nchini Uswisi. Grüntzig aliona kwamba mirija ya Dotter inakwangua mshipa. Akawaza puto: kitu chembamba wakati wa kuingia, kinachojazwa maji kikifika mahali pake, na kunywea wakati wa kutoka. Maputo yake ya kwanza aliyatengeneza kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake, usiku baada ya kazi, akisaidiwa na msaidizi wake na mume wa msaidizi huyo. Mwezi Februari 1974 akalitumia puto kwa mara ya kwanza katika mshipa wa mguu wa mgonjwa. Tarehe 16 Septemba 1977 akalitumia katika mshipa wa moyo, na hapo dunia nzima ikageuka kumsikiliza.

Watu wengi wanaofahamu kwamba moyo huzibuliwa kwa puto hawajui kwamba puto lile lilianzia mguuni. Mguu ulikuwa uwanja wa mazoezi, na moyo ukachukua sifa. Dotter na Grüntzig walifariki mwaka mmoja, 1985; mzee kwa maradhi, na kijana katika ajali ya ndege akiwa na miaka 46.

Katikati ya miaka hiyo Marekani ikafunga mlango uliokuwa wazi. Mwaka 1976, baada ya wanawake wengi kudhurika kwa kitanzi kimoja cha uzazi wa mpango kilichouzwa bila kuthibitishwa, Bunge la huko lilipitisha sheria ya vifaa vya tiba. Tangu hapo mwenye kifaa kipya chenye hatari kubwa lazima aonyeshe ushahidi mbele ya mamlaka ya chakula na dawa, ile inayojulikana kwa herufi FDA. Zama za kujaribu kitu cha jikoni juu ya mgonjwa zikaanza kufungwa. Zama za kura zikaanza.

Kura ni nini? Hebu nieleze, maana neno hili huwatisha watu, na mimi mwenyewe lilinitisha. Ukitaka kujua kama dawa mpya ni bora kuliko ya zamani, huwezi kuwapa wenye nguvu dawa mpya na wanyonge dawa ya zamani, kisha ukatangaza ushindi. Unawagawa kwa bahati, kama kurusha sarafu, ili makundi mawili yafanane kwa umri, sigara, kisukari na kila kitu. Halafu unangoja na kuhesabu. Jambo hili si geni kwetu. Majaribio ya namna hiyo yaliyofupisha tiba ya kifua kikuu hadi miezi sita yalifanyika hapa hapa, kwa ushirikiano wa nchi za Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia katika kura ile. Kila anayepona kifua kikuu kwa miezi sita, awe London au Lima, ana deni kwa watu wale ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Lakini kifaa si kidonge. Kidonge cha kweli na kidonge cha unga wa kawaida vinaweza kufanana, hata daktari asijue ametoa kipi. Puto liko mkononi mwa daktari, anajua analoliingiza. Tena mkono wa fundi mmoja si mkono wa fundi mwingine, kama vile cherehani moja inavyoshona suruali mbili tofauti kwa watu wawili. Na jambo la tatu, ambalo ndilo litatuingiza katika kisa changu, ni muda. Kidonge hukaa mwilini saa kadhaa. Kifaa kinaweza kukaa maisha.

Tatizo la puto lilikuwa hili: mshipa uliozibuliwa huziba tena. Ukuta uliotanuliwa hujiona umejeruhiwa, nao huota nyama ya kovu. Wahandisi wakaleta stenti, yaani kichuma cha wavu kinachobaki ndani kushikilia mshipa. Hata hiyo ikaziba. Ndipo wakaleta dawa. Waliipaka stenti, na baadaye puto, dawa iitwayo paklitakseli, inayozuia chembe za mwili kugawanyika na kuota. Ni dawa ya saratani, na asili yake ni gome la mti wa porini uotao katika misitu ya magharibi ya Marekani, ikiwamo misitu ya Oregon alikoishi Dotter. Mwezi Novemba 2012 mamlaka ya Marekani ilikubali stenti ya kwanza ya namna hiyo kwa mishipa ya mguu, na mwezi Oktoba 2014 ikakubali puto la kwanza lenye dawa hiyo. Majaribio ya kura yalionyesha kwamba mishipa iliyowekewa dawa ilikaa wazi zaidi na wagonjwa wachache zaidi walirudi kuzibuliwa upya. Madaktari wakafurahi, na viwanda vikafurahi zaidi.

Mwezi Desemba 2018 daktari wa Ugiriki, Konstantinos Katsanos, pamoja na wenzake, akafanya kazi ambayo hakuna kiwanda kilichomtuma. Alikusanya majaribio 28 ya kura yenye wagonjwa 4,663, akaacha kuuliza kama mshipa uko wazi, akauliza kama mgonjwa yuko hai. Baada ya mwaka mmoja makundi yalikuwa sawa. Baada ya miaka miwili, waliopata dawa walikuwa wamekufa asilimia 7.2, na wasiopata asilimia 3.8. Katika majaribio matatu tu yaliyofika miaka mitano, ilikuwa asilimia 14.7 dhidi ya 8.1. Mwezi Januari 2019 mamlaka ya Marekani iliwaandikia madaktari barua ya tahadhari, na mwezi Machi ikawaambia kwamba kwa wagonjwa walio wengi ni afadhali kutumia njia nyingine mpaka ukweli ujulikane.

Hapa naingia mimi, na sina budi kusema kosa langu. Habari ile ilinifikia katika chumba cha habari ikiwa na aya nne. Nilikuwa na dakika tano. Nikaandika kwamba puto linalowekwa mguuni huko ng'ambo limegundulika kuua wagonjwa mara mbili zaidi. Nikaisoma hivyo jioni, na kesho yake asubuhi nikaisoma tena. Sikusema ni katika miaka mingapi. Sikusema kwamba hesabu ya miaka mitano ilitoka katika majaribio matatu tu. Sikusema kwamba hakuna aliyekuwa ameeleza ni kwa njia gani dawa kidogo ya mguuni inaua mtu baada ya miaka miwili.

Siku ya tatu nilipigiwa simu na binti mmoja. Baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa amewekewa stenti yenye dawa mguuni katika nchi ya nje, kwa fedha za mchango wa ukoo. Mzee alinisikia. Tangu usiku ule hakulala, na alikuwa ameacha vidonge vyake vyote, hata vya shinikizo la damu, akisema kila kitu cha hospitali ni sumu. Binti hakunitukana. Aliniuliza tu kwa heshima: "Shikamoo kaka, hiyo habari uliisoma yote au uliambiwa?" Nikamwambia kweli, kwamba niliambiwa. Nikamwomba amrudishe mzee kwa daktari wake siku ile ile. Alimrudisha, na mzee akarudia vidonge vyake, lakini sauti ya binti yule bado ninayo masikioni.

Tangu hapo nikaanza kuifuatilia habari hiyo kwa miaka, kama mtu anayefuatilia deni. Naam, nikajifunza jinsi hesabu inavyoweza kupotoka pasipo mtu kusema uongo. Katika majaribio mengi wagonjwa walipotea njiani. Mwingine alihama, mwingine alichoka kurudi kliniki, na anayepotea hujulikani kama yu hai au amekufa. Watafiti waliporudi kuwatafuta waliopotea, tofauti ya vifo ikapungua.

Waliosaidia kuleta mwanga ni Wasweden. Nchi ile ina daftari moja la taifa la matibabu ya mishipa, na kila raia ana namba yake, hata akifa Mwanza ya kwao au Tanga ya kwao, daftari linajua. Walikuwa tayari wanaendesha jaribio la kura lililoitwa SWEDEPAD. Waliposikia habari ya Katsanos, Desemba 2018 hiyo hiyo walisimamisha kuingiza wagonjwa wapya, wakafungua hesabu zao za vifo, wakazichunguza, kisha wakaendelea. Mwezi Desemba 2020 walichapisha walichokiona kwa wagonjwa 2,289: katika kundi la dawa walikufa asilimia 25.5, na katika kundi lisilo na dawa asilimia 24.6. Tofauti ndogo mno kuitwa tofauti. Mwezi Julai 2023 mamlaka ya Marekani nayo ikaandika kwamba ushahidi wote ukijumlishwa hauungi mkono hofu ya vifo vya ziada.

Je, Katsanos alikuwa mzushi? La hasha. Aliuliza swali ambalo wenye vifaa walipaswa kuliuliza kabla yake, na kwa kuliuliza aliwalazimisha kuhesabu wafu wao. Bila yeye tusingejua. Mzushi alikuwa mimi, niliyechukua swali nikalisoma kama jibu. Na ile barua ya Julai 2023, iliyotuliza hofu, nilichungulia vyombo vyetu kwa juma zima. Sikuisikia ikisomwa popote. Hofu ilipata dakika tano mara mbili, utulivu haukupata hata moja. Nikaisoma mwenyewe katika kipindi hiki, nikieleza na kosa langu la 2019, nikitumaini kwamba mwalimu yule mstaafu alikuwa karibu na redio.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 2025 Wasweden walichapisha matokeo yao ya mwisho. Waliuliza swali la mjomba wangu: je, vifaa vyenye dawa vinaokoa mguu? Kwa wagonjwa wenye ugonjwa mkali, wenye vidonda na maumivu ya kulala, dawa haikupunguza kukatwa miguu. Kwa wale wanaoumwa wakitembea, baada ya mwaka mmoja hali ya maisha yao haikuwa bora kuliko ya wenzao wasiopata dawa. Mshipa kukaa wazi katika picha ni jambo moja. Mtu kutembea mpaka sokoni bila kusimama ni jambo jingine. Kwa miaka mingi majaribio yalipima lile la kwanza kwa sababu ni rahisi na linapatikana mapema, na wengi wetu tukadhani limepimwa la pili.

Nisieleweke kwamba kila kipya ni bure. Chini ya goti, ambako mishipa ni myembamba na ndiko wagonjwa wa kisukari huumia zaidi, kulijaribiwa kifaa kinachoshikilia mshipa na kutoa dawa ya aina nyingine, kisha chenyewe kikayeyuka taratibu. Katika jaribio la wagonjwa 261, lililotangazwa mwaka 2023, asilimia 74 ya waliokipata walipita mwaka bila kukatwa mguu, bila mshipa kuziba na bila kurudi kutibiwa upya, dhidi ya asilimia 44 ya waliopata puto la kawaida. Mamlaka ya Marekani ikakikubali mwezi Aprili 2024. Ni habari njema, na nimeisoma redioni. Lakini safari hii nilisoma kurasa zote, na nikasema ni wagonjwa 261 na ni mwaka mmoja. Pia nikakumbusha jaribio kubwa la mwaka 2022, lenye wagonjwa 1,830, lililoonyesha kwamba mgonjwa mwenye mshipa mzuri wa kuhamishia njia ya damu hufaidika zaidi kwa upasuaji wa namna ya zamani kuliko kwa puto. Kipya si lazima kimshinde cha zamani. Ndiyo maana hupigiwa kura.

Na sisi huku je? Katika majaribio haya yote niliyoyataja ya puto na stenti, watu wa kwetu hawakuwamo. Vifaa vinatufikia vikiwa vimepimwa juu ya miguu ya watu wengine, wenye hospitali karibu na daktari wa kuwafuatilia. Hapa nchini utafiti wa afya juu ya binadamu unahitaji kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vifaa tiba viko chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Milango ipo. Tunachokosa ni daftari kama la Wasweden, la kutuambia baada ya miaka mitano nani anatembea, nani alikatwa na nani alizikwa. Bila daftari hilo, kila mgonjwa wetu ni kama bibi yule wa 1964: akipona tunashangilia, asipopona tunanyamaza.

Wakati huo huo tusingoje puto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa hapa Tanzania mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wenye kisukari, na kiini chake ni mambo ambayo hayana umeme ndani yake: kumvua mgonjwa viatu, kumtazama nyayo, kushika mapigo ya damu juu ya wayo, kumfundisha kuosha na kukagua miguu kila siku. Mjomba alihudhuria kliniki miaka miwili. Ninavyokumbuka mimi, hakuna siku alirudi akasema leo nilivuliwa kiatu.

Ukiwa na mzazi anayesimama njiani kila hatua chache, usimsifu kwa salamu zake. Mpeleke, na mwambie daktari amshike mapigo ya mguu. Akiambiwa awekewe kifaa, uliza kilijaribiwa kwa watu wangapi, kwa miaka mingapi, na kilichopimwa ni mshipa au ni mguu. Akiombwa aingie katika jaribio, asikimbie wala asitie sahihi kwa haraka. Aulize nani atamfuatilia, na nani atamjulisha majibu yakitoka. Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Daktari mzuri huyafurahia.

Mjomba aliishi miaka saba baada ya kukatwa. Cherehani ya kukanyaga akaiuza, akanunua ya kuzungusha kwa mkono, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kwenye gurudumu, mwanawe mdogo alikaa upande wa pili kumshikia kitambaa. Alishona mpaka mwisho, polepole, sare za shule zaidi. Swali lake la jioni ile sikupata kumjibu. Nimelijibu leo, kwa kuchelewa, na nimewajibu ninyi badala yake.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo, saa ile ile.